Kizuizi cha Chini na Jirani wa Juu

Msomaji, watu wengi hudhani kuwa maji hayahitaji kusomwa, kwa sababu njia yake ni moja tu, nayo ni kutoka juu kwenda chini. Kauli hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Mwili wa maji huteremka. Habari ya maji yaweza kupanda. Mtu akaaye chini ya mfereji aweza kuharibu shamba la mtu akaaye juu yake, bila ya kuliona wala kulikanyaga. Nataka tulitazame jambo hili pamoja, kwa kuwa ndani yake mna elimu ya maji, na pia mna haki ya jirani.

Nimetembea mara nyingi kando ya mifereji ya mpunga ya Mwea, katika Kirinyaga, inayolishwa na mito ya Thiba na Nyamindi. Kilimo hicho cha umwagiliaji kilianzishwa katika miaka ya 1950, na mwaka 2022 bwawa la Thiba lilizinduliwa ili kukiongezea maji. Huko nilisikiliza shauri la wakulima wawili. Wa juu alilalamika kuwa miche yake ilikuwa imezama kitaluni. Wa chini alikiri kuwa alipanga mbao mferejini ili maji yainuke na kuingia katika jaruba lake, lakini aliuliza kwa mshangao, "Ndugu yangu, maji yangu yatapandaje mlima mpaka kwako?" Kati ya mbao zile na kitalu kile palikuwa na mwendo wa robo saa kwa miguu. Waliokuwapo walitazama uso wa maji, wakauona umetandazwa kama mkeka, wakampa haki mtu wa chini. Jicho lilikuwa limetoa hukumu. Lakini jicho si kipimo.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua mfereji mpana wa udongo ambao sakafu yake hushuka nusu mita katika kila kilomita, na maji yake yana kina cha mita 1. Weka kizuizi kinachoinua kina hicho mpaka mita 1 na nusu. Mtu wa haraka atasema kuwa maji yatalala sawa kama yaliyomo katika beseni, na kwamba athari ya kizuizi itakoma kilomita 1 juu yake. Hesabu yasema vingine. Ili ile ziada ya sentimita 50 ipungue kwa sentimita 10, yakupasa upande mfereji kadiri ya mita 275. Sentimita 10 za pili hutaka mita 310 hivi. Za tatu, mita 370. Na za nne, zaidi ya mita 500. Pale penye kilomita 1, ambapo mtu wa haraka alitia nukta, maji bado yamezidi kwa karibu sentimita 19. Hata penye kilomita 2 hubaki ziada ya sentimita 4 au 5. Sentimita 19 ni kitu kidogo machoni pa mtu mzima, lakini kwa mche mchanga wa mpunga ni kaburi.

Sababu yake ni hii. Maji yaliyozuiwa hayakusimama. Yangali yanakwenda, na kila yanapokwenda hukwaruzana na sakafu na kingo. Karibu na kizuizi kina ni kikubwa na mwendo ni mdogo, basi uso wa maji huwa karibu sawasawa. Kadiri unavyopanda, kina hupungua, mwendo huongezeka, na mkwaruzo huzidi, hata uso wa maji huinama kidogo kidogo mpaka ufuate mteremko wa sakafu. Badiliko hilo ni la polepole mno, na ndiyo maana macho hayaligundui. Katika shauri lile mbao ziliondolewa, ufito wa kupimia ukasimamishwa kitaluni, na baada ya saa chache kila mtu alisoma juu yake jinsi maji yalivyoshuka. Aliyekuwa akibisha alinyamaza, wala hapakuwa na haja ya kumwaibisha.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila mkondo hupeleka habari juu. Katika maji yenye kina cha mita 1, wimbi refu husafiri kwa mwendo wa mita 3 hivi kwa sekunde. Mkondo ukiwa mpole kuliko wimbi lake, wimbi hushinda na kupanda. Mkondo ukiwa mkali kuliko wimbi, kila habari huchukuliwa chini, na wa juu hajui kabisa yaliyompata wa chini. Kwa hiyo mwenye kupiga hesabu ya mkondo mpole huanzia chini, penye kizuizi, akapanda hatua kwa hatua. Na mwenye kupiga hesabu ya mkondo mkali huanzia juu, akashuka.

Njia hiyo ya hatua kwa hatua si mpya. Mfaransa Jean-Baptiste Bélanger aliichapisha mwaka 1828, na mwaka 1889 Robert Manning wa Ireland alitoa kanuni ya mkwaruzo ambayo wahandisi huitumia hata leo. Siku hizi kompyuta humaliza kwa dakika kazi iliyowachosha makarani kwa majuma. Hata hivyo kompyuta haijui kama mfereji umeota majani au umejaa matope. Mtu sharti aende akaone, apime, kisha aiambie. Wamarakwet wa bonde la Kerio waliyapitisha maji katika magenge kwa mifereji yao tangu zamani bila ya hesabu hizi, na hakika walijifunza kwa kutazama kwa subira. Hesabu haikuja kuidharau subira hiyo. Ilikuja kuisaidia mahali ambapo mfereji ni mrefu na watu ni wengi.

Msomaji, yamkini hutakuwa mhandisi. Lakini siku moja utajenga ukuta, utachimba mtaro, au utaziba mfereji kwa haja yako ya halali. Kabla ya kuuliza maji yatakwenda wapi, uliza pia yatarudi nyuma kwa nani. Dhara lijalo kwa kishindo hutambuliwa na kila mtu. Dhara lijalo polepole hutaka mtu mwenye kipimo mkononi na jirani moyoni. Kimoja bila ya kingine hakitoshi.