Kuosha Injini ya Lori la Mirathi

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia nyumba moja Kisauni, minazi michache, na lori moja aina ya Mitsubishi Canter ambalo umri wake ulikuwa umepita miaka 20. Nyumba na minazi havikututatiza. Lori ndilo lililotuweka kikao mara tatu, kwani miongoni mwa warithi walikuwamo wadogo zetu wawili ambao hawajabaleghe, na mali ya yatima haichezewi. Kila shilingi ambayo ingepotea katika thamani ya lori hilo ingepotea katika mafungu yao, na katika thumni ya mama vilevile. Kwa hivyo, tunapoandika leo juu ya jambo linaloonekana kuwa la gereji, yaani kuosha injini kuukuu kwa mashine ya maji ya kasi, twawaomba akina mama wasigeuze ukurasa. Katika nyumba nyingi za pwani gari la kazi ndilo linalotia unga chunguni, na likizimika, jiko huzimika nalo.

Lori hilo lilibeba mawe ya kujengea, mchanga na nazi baina ya Kilifi na Mombasa kwa miaka mingi. Chini ya kichwa chake injini ilikuwa imevaa koti jeusi la oili, vumbi la machimbo, na ule unyevu wa chumvi ambao pepo za bahari hutuletea hata milango ikafungwa. Ami yetu, aliyekuwa akisimamia mauzo, alimwambia mama: "Shemeji, mnunuzi aja Jumamosi ya pili. Lipelekwe likaoshwe siku hiyo hiyo asubuhi, injini ing'are, lipate bei."

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Shemeji, likishaoshwa asubuhi, ile oili inayodondoka chini kila siku mnunuzi ataiona wapi?"

Ami hakuwa na nia mbaya. Alisema lile ambalo wauzaji wengi wa magari hulifanya bila ya kulifikiri. Lakini swali la mama lilitugawanyia mambo mawili yanayofanana kwa sura. Kuosha injini ili aibu yake isionekane ni ghishi. Kuosha injini ili aibu yake ionekane ni uangalizi. Maji ni yale yale na sabuni ni ile ile. Tofauti iko katika siku. Tukaafikiana lori lioshwe wiki nzima kabla ya mnunuzi kuja, lifanye kazi kama kawaida, na palipo na uvujaji pajionyeshe penyewe juu ya chuma safi.

Palikuwa na hofu ya pili. Jirani yetu alikuwa na pikapu ya petroli iliyokwenda kuoshwa injini kando ya barabara ikiwa nzima, nayo ikarudi ikivutwa kwa kamba. Hatukutaka mali ya yatima irudi hivyo. Tukamwita fundi wa mtaani, kijana mwenye adabu aliyemtengenezea baba tangu zamani, tukamtaka atufundishe badala ya kutufanyia tu. Alikubali, akaanza kwa neno ambalo bado twalikumbuka: "Mama, maji si adui wa injini. Injini hupita katika mvua kila mwaka. Adui ni kishindo cha maji."

Akatufafanulia. Maji ya mpira wa bustani hutoka kwa nguvu ya takriban ratili 40 hadi 60 kwa kila inchi mraba. Mashine ndogo ya nyumbani husukuma ratili 1,500 hadi 2,000. Katika gari jipya mipira inayoziba viungo vya waya bado ni laini na hushikana. Katika gari kuukuu mipira hiyo imekauka kwa joto, plastiki imekuwa kama ganda la yai, na ngozi za nyaya zina nyufa zisizoonekana. Maji ya kishindo huingia mahali ambapo mvua haiingii, kisha hayana njia ya kutoka. Hapo huanza kutu ya kijani katika viungo, na gari likaja kuzimika baada ya mwezi, wakati ambapo hakuna anayekumbuka kuoshwa kwake. Kubwa kuliko hilo ni mdomo wa kuvutia hewa. Maji yakimiminika humo yakafika ndani ya silinda, pistoni hupanda ikutane nayo. Na kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, chuma ndicho kinachopinda. Injini iliyopatwa na hilo aghalabu haina dawa ila kufunguliwa yote.

Kazi tuliifanya baina ya alfajiri na jua kupanda, injini ikiwa imelala usiku kucha. Kumwagia maji baridi chuma kilichochemka kwaweza kukipasua, na sabuni ikiangukia juu ya moto hukauka kabla ya kufanya kazi. Kwa lori la namna hii kichwa huinamishwa mbele ili injini iwe wazi, na jambo la kwanza ambalo fundi alilikagua ni nguzo na kufuli vinavyokishikilia kichwa kisirudi. Hakuna aliyeruhusiwa kuingiza kichwa wala mkono kabla ya hapo. Watoto walipelekwa kwa bibi yao. Nasi akina dada tulifunga mitandio nyuma na kuacha leso zenye ncha ndefu ndani ya nyumba, kwani baadaye injini ingewashwa, na mikanda na feni haviachi nguo vilivyoishika.

Kisha waya wa hasi wa betri ukafunguliwa. Baada yake ikaja kazi kavu, ambayo watu wengi huiruka. Kwa brashi na vijiti vya mbao tulitoa majani ya mwarobaini, mchanga, matambara, na kiota kizima cha panya kilichojengwa kwa sufi ya kiti. Uchafu mkavu ukitolewa ungali mkavu, maji hupata kazi ndogo. Ukilowana hugeuka tope na kujificha penginepo.

Tukafunika kwa mifuko ya plastiki na mipira ya kufungia: alteneta, stata, sanduku la fyuzi, mdomo wa hewa, na kifuniko cha chombo cha mafuta ya breki, kwa sababu mafuta hayo yakichanganyika na maji huchemka upesi na breki zikakosa nguvu. Tukahakikisha kuwa kifuniko cha oili na kijiti cha kupimia vimekaa barabara. Mwenye gari la petroli aongeze distribyuta, koili na nyaya za plagi. Ni unyevu wa hapo ndio uliomtia jirani yetu kamba. Dada yetu mdogo aliandika kwenye karatasi kila mfuko ulipofungwa, ili usisahauliwe hata mmoja wakati wa kuwasha.

Kuhusu kitu cha kuyeyushia oili, desturi mbaya imeenea mjini: petroli ndani ya kikopo na brashi. Ni kweli kwamba petroli huondoa oili upesi, lakini mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo tu, na twajua ni mikono mingapi ya vijana hufanya kazi hiyo bila ya glavu. Sisi tulitumia sabuni ya kuondolea grisi inayochanganywa na maji, tukaipaka kutoka chini kwenda juu, tukaiacha dakika 5 hadi 10 bila ya kuiacha ikauke, huku tukisugua mapengo kwa brashi.

Hapo ndipo mashine ikawashwa. Ncha zake huja kwa rangi. Nyekundu hutoa mshale mmoja mwembamba, nayo haina kazi kabisa katika injini. Ya manjano hufungua nyuzi 15, ya kijani 25, na nyeupe 40. Tulitia nyeupe, tukasimama umbali usiopungua mkono mmoja, na kuyapitisha maji kama mtu anayefagia, bila ya kuyasimamisha mahali pamoja. Rejeta hatukuielekezea mashine, maana mapezi yake ni membamba kama karatasi na hulala kwa kishindo kidogo. Hiyo ilipata maji ya mpira wa kawaida. Pampu ya dizeli na viungo vya waya vilifutwa kwa kitambaa tu.

Fundi alitusisitizia jambo moja la mwili. Mshale wa mashine hii waweza kupenya ngozi. Jeraha lake huonekana kama tundu la sindano na huenda lisiume sana mwanzoni, hali maji na uchafu vimeshasambaa ndani ya nyama. Mwenye kupatwa na hilo asingoje kesho. Aende hospitali saa ile ile na aeleze kuwa ni mashine ya maji. Hali kadhalika waya wa umeme wa mashine usipite ndani ya dimbwi, na mshikaji avae viatu vya mpira na miwani.

Maji yenyewe yana hesabu yake kwetu pwani. Visima vyetu vingi vina chumvi, na kusuuza injini kwa maji hayo ni kuipaka kile tunachokiondoa. Tulianza na maji ya kisima kwa kuondoa tope, tukasuuza mwisho kwa maji matamu ya tangi la mvua, ndoo chache tu. Na yale yaliyodondoka chini hatukuyaacha yaende. Mwamba wa matumbawe tunaoukalia hunywa kama sifongo, na kisima cha jirani kiko hatua chache tu. Tulitandaza mchanga chini ya lori, ukafyonza weusi wote, tukauzoa ndani ya debe na kumpa fundi aupeleke gereji wanakokusanya oili chafu. Haki ya jirani haikomei kwenye ukuta.

Ukaushaji ulichukua muda kuliko uoshaji. Tulipuliza kwa hewa ya kompresa, tukapangusa kwa vitambaa, tukaiacha injini wazi juani mpaka karibu na adhuhuri. Mifuko ikatolewa kwa kufuata karatasi, mmoja baada ya mmoja. Betri ikaungwa, kichwa kikarudishwa na kufungwa, na injini ikawashwa na kuachwa ingurume taratibu dakika 20 ili joto lake limalize unyevu uliobaki. Iliwaka mara ya kwanza. Mama, aliyekuwa kibarazani na tasbihi yake, alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti iliyosikika hadi njiani.

Kufikia siku ya nne chuma safi kilikuwa kimesema yote. Oili ilikuwa ikitoka kwenye gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, na dizeli ilikuwa ikinyevua katika mpira mmoja uliochoka, karibu na bomba la moshi. Huo wa dizeli ndio uliotutisha, kwani chini ya lile koti jeusi hakuna jicho ambalo lingeuona, na moto haungojei kuonekana. Vyote viwili vikabadilishwa. Uvujaji wa tatu, baina ya injini na giaboksi, ulitaka giaboksi ishushwe, na gharama yake hatukuimudu.

Mnunuzi alipokuja, ami mwenyewe ndiye aliyemwonyesha mahali hapo kwa kidole. Mnunuzi aliuliza fundi atataka kiasi gani, akakitoa katika bei, akalipa kilichobaki siku ile ile. Baadhi yetu tulihisi uchungu wa zile shilingi zilizopungua. Mama hakuuhisi. Alisema fungu la yatima likiwa dogo na safi hukua pamoja nao, na kwamba yeye hana nguvu ya kujibu kwa ajili ya fungu kubwa lenye oili.

Kwa nyumba yenye gari kuukuu, nasaha yetu ni fupi. Kila mwezi tosheka na brashi kavu na kitambaa. Mashine ya maji ya kasi itumike mara moja kwa mwaka, kabla ya ukaguzi wa kila mwaka ambao sheria inayataka magari ya biashara yaupite, na iwe siku kadhaa kabla, si asubuhi yake. Na mwenye mume, kaka au mwana anayeendesha gari la kazi asione haya kuuliza ni wapi panapovuja.