Chapati za Mwisho

Daktari alinikataza kuacha chapati. Nilidhani sijamsikia vizuri. Alikuwa ameshaniambia anashuku siliaki, ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, huifanya kinga ya mwili iushambulie utumbo mwembamba. Lakini ukiacha ngano mapema, alisema, utumbo huanza kupona na vipimo vinaweza kuonyesha huna kitu. Basi nikarudi nyumbani kula kinachoniumiza, wiki tano nzima, mpaka siku ya kumezeshwa kamera.

Kwetu chapati ni ada ya shule. Mama amezipika barazani tangu niko darasa la pili, unga unakandwa saa kumi alfajiri, na ndizo zilizonifikisha kwenye shahada ya uzamili. Miaka yote hiyo nilitibiwa minyoo, malaria, vidonda vya tumbo. Vidonge vya kuongeza damu nilivimeza kama karanga, damu haikupanda. Vijidole vya utumbo vinavyofyonza madini ya chuma vilikuwa vimeshasagika.

Sikumwambia Mama. Kila asubuhi aliniwekea mbili, za kwanza kutoka kikaangoni, nami nikazila akinitazama.

Majibu yalipotoka nilimsomea. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo ni mimi?"

Nikamweleza mambo ya kurithi, na kwamba ni mwili wangu uliokosea adui. Nikamsimulia hata habari za Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, aliyekuwa akiishuku ngano tangu kabla ya vita. Katika baridi ya njaa ya 1944 hadi 1945 mkate uliadimika, na watoto wenye ugonjwa huu wakapata nafuu.

"Yaani njaa ndiyo iliyowaponya?" Mama akasema. Hakutaka kusikia zaidi.

Sasa nakula ugali, wali, muhogo, ndizi. (Chuoni nikikataa maandazi ya chai, wenzangu huulizana kama nina mimba.) Mama bado anauza chapati, lakini amenunua sufuria yangu peke yangu na kuifunga uzi mwekundu kwenye mkono wake.

Juzi alinipigia simu akiwa kwenye mashine ya kusaga, kelele tupu. Aliyemtangulia alikuwa amesaga unga wa lishe wenye ngano.

"Nisubiri wapite wangapi, mwanangu?"

Nikamwambia arudi nyumbani na mahindi yake.