Motokaa ya Zamani Ikianza Kulia

Toka Bunia hadi Nyankunde ni yapata kilomita 45 tu. Lakini motokaa kuukuu ikivunjika katika njia hiyo, anayeumia kwanza si mwenye mali, bali mgonjwa aliyelazwa nyuma akipelekwa hospitali. Kwa hiyo twaona yafaa tuseme kidogo juu ya springi na viungo vyake.

Watu wengi, motokaa ikirukaruka, hulaumu amotisa. Kumbe amotisa haibebi mzigo. Mzigo hubebwa na springi. Kazi ya amotisa ni kuituliza springi isizidi kucheza. Bonyeza pembe ya motokaa kwa nguvu, kisha achia. Ikipanda na kutulia, vema. Ikiendelea kunesanesa, au ukiona mafuta yametiririka ubavuni mwa amotisa, imekwisha. Badili za kushoto na za kulia pamoja.

Motokaa ikiinama upande mmoja bila mzigo, osha matope utafute bamba la springi lililopasuka. Wako wanaolichomelea. Hatuwasifu: moto huharibu ugumu wa chuma kile, nacho hukatika tena kando ya palipochomewa. Heri bamba zima la springi nyingine ya namna ileile.

Mlio wa kugonga kila shimo mara nyingi ni bushi za mpira zilizolika. Kipande cha tairi chaweza kukufikisha nyumbani, basi. Ukitia bushi mpya, usikaze bolti motokaa ingali juu, maana mpira utajipinda ikishushwa, upasuke mapema. Ishushe kwanza, ndipo ukaze.

La kuogopwa zaidi ni rotuli za usukani. Ikichomoka moja, gurudumu halimtii tena dereva. Zuia magurudumu mengine kwa mawe, inua kwa jeki, weka gogo imara chini ya ekseli; jeki peke yake isiaminiwe kamwe. Shika gurudumu kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza, tazama rotuli. Kisha shika juu na chini. Likicheza, mwenzako akanyage breki: mchezo ukikoma, ni beringi ya gurudumu, ukibaki, ubaya uko katika kiungo kinachogeuza gurudumu, na hapo aitwe fundi.

Rotuli iliyolegea haiponi kwa waya wala kwa grisi. Motokaa na ibaki uani mpaka ipatikane nyingine, hata kama kesho ni Jumapili na waamini wa kigango wanatungoja. Baiskeli ipo.