Siku Tatu za Mtihani Kusini mwa Likoni

Msafiri atokaye Mombasa, akavuka kivuko cha Likoni na kushika barabara kuu iendayo Tanzania, hupita Ng'ombeni na Waa, kisha hufika Kombani, ambapo njia hugawanyika. Ile ya mkono wa kulia hupanda vilimani hata Kwale mjini, makao makuu ya kaunti. Ile ya mbele hufuata pwani: Tiwi, Ukunda, Gazi, hata Msambweni. Watu wengi wa mbali huijua nchi hii kwa ajili ya Diani tu, maana huko ndiko kwenye mahoteli na mchanga mweupe. Lakini Diani ya mahoteli ni ukanda mwembamba. Mtu akivuka barabara ya lami, akatembea nusu saa kuelekea magharibi, hamwoni tena mtalii hata mmoja. Ataona minazi, mikorosho, miembe mikubwa, mashamba ya mihogo na mahindi, na watoto waliovaa sare za shule.

Wenyeji wa pwani hiyo ni Wadigo, nao walio wengi ni Waislamu. Msikiti wa Kongo pale Diani, karibu na mahali mto Mwachema uingiapo baharini, una umri wa karne nyingi. Upande wa bara wako Waduruma. Juu ya vilima vya Shimba wako Wakamba wengi ambao wazee wao walipewa mashamba huko katika miaka ya 1950 na baadaye. Tena wako waliokuja kutafuta kazi katika kiwanda cha sukari cha Ramisi, ambacho kilifungwa mwaka 1988, na wale waliofuata kazi za mahoteli. Kwa watu hao makanisa madogo yalitawanyika katika nchi hii, na penye kanisa aghalabu pana shule karibu yake. Siku hizi walimu huajiriwa na serikali, lakini kanisa limebaki kuwa mdhamini, na padre hukaa katika mikutano ya shule pamoja na wazazi ambao wengi wao hawajapata kuingia kanisani mwake hata siku moja.

Shule inayosimuliwa hapa ni moja katika hizo, upande wa bara wa Msambweni. Ina majengo mawili ya mawe ya matumbawe yaliyojengwa zamani, madarasa mengine mapya ya matofali, kanisa lenye paa la mabati, na mwembe mmoja ambao chini yake hufanyika mambo yote yasiyo na chumba. Kengele yake ni ringi la gurudumu la lori lililotundikwa tawini. Nusu ya watoto hutoka upande wa bahari, watoto wa wavuvi na wagema. Nusu hutoka upande wa vilima, watoto wa wakulima. Mwezi wa Oktoba 2023 darasa lake la nane lilikuwa linajiandaa kwa mtihani wa KCPE, na kila mtu alijua kwamba huo ulikuwa wa mwisho. Mtihani huo ulikuwa umeanza mwaka 1985, na baada ya mwaka ule usingefanywa tena.

Wazee wa kanisa waliona ajabu kidogo, maana wao wameiona mitihani ikija na kwenda kama wakuu wa wilaya. Mmoja, ambaye alikuwa fundi seremala huko Ramisi, alisoma zama za mtihani wa darasa la nne. Wakati huo, katika miaka ya 1950, mtoto wa Kiafrika alifanya mtihani mmoja akiwa darasa la nne, na aliyeshindwa alirudi shambani akiwa na umri wa miaka kumi na mbili au kumi na tatu. Aliyepita alikwenda hata darasa la nane, akakutana na mtihani mwingine. Mzee huyo alishindwa ule wa kwanza. Husema hivyo waziwazi, wala haoni haya, kisha huonyesha madawati ya darasa la nane, ambayo aliyatengeneza kwa mkono wake.

Desturi ya shule hiyo ni kwamba, majuma mawili kabla ya mtihani, watahiniwa wa upande wa vilima hulala shuleni. Sababu si masomo tu. Vijiji vilivyo karibu na hifadhi ya Shimba Hills vina ndovu, nao ndovu hupenda kutembea saa zile zile ambazo mtoto wa darasa la nane hutoka nyumbani kwenda kusoma alfajiri. Nchi nzima ya Kenya hujivunia vilima hivyo kwa ajili ya palahala, mnyama asiyepatikana mahali pengine katika Kenya. Mkulima wa pale huwaza zaidi mahindi yake na mtoto wake njiani. Basi wasichana hulala katika darasa la tatu, wavulana katika darasa la tano, juu ya mikeka na magodoro yaliyoletwa na wazazi. Akina mama wa kanisa hupika kwa zamu. Jioni husaliwa sala fupi, na watoto wa Kiislamu huenda kuswali magharibi katika msikiti mdogo ulio ng'ambo ya barabara, wakarudi wote kwa taa moja kufanya hesabu za asilimia.

Jumamosi kabla ya mtihani huchinjwa mbuzi. Jambo hili lingeweza kuleta maneno mahali pengine. Pale limekwisha amuliwa zamani: mbuzi hununuliwa na wazazi wote, huchinjwa na mwalimu wa madrasa wa kijiji jirani, kisha hukabidhiwa akina mama wa kanisa. Hivyo kila mtu hula na hakuna aulizaye. Mwaka 2016 serikali iliagiza kwamba siku za maombi zifanywe katika muhula wa pili, si wa tatu, ili kuzuia karatasi za mtihani zisipenyezwe katika mikusanyiko; nayo shule ilitii, ikafanya sherehe yake kubwa mapema. Hata hivyo hakuna agizo liwezalo kumzuia mzee kuwataja watahiniwa katika sala ya Jumapili, na Jumapili ya tarehe 29 Oktoba walitajwa kwa urefu, hata mpiga ngoma akasinzia.

Jumatatu alfajiri mwalimu mkuu alikwenda Msambweni kuchukua karatasi. Tangu mwaka huo huo wa 2016 karatasi hufungiwa katika makontena ya chuma kwenye makao ya serikali, nao walimu wakuu huzifuata asubuhi mbele ya askari. Alirudi amekaa wima garini kama mtu aliyepakata mtoto mchanga. Watahiniwa walipekuliwa mlangoni mmoja mmoja, mifuko na soksi. Kila mmoja alishika penseli mbili, kifutio na kichongeo. Saa mbili na nusu walianza hesabu, maswali 50 kwa saa mbili, kisha Kiingereza, mchana insha ya Kiingereza. Watoto wa darasa la sita nao walikuwa na mtihani wao siku hizo hizo, na wadogo walikuwa wamebaki nyumbani. Shule ilikuwa kimya, isipokuwa kunguru.

Watoto walipotoka katika hesabu, mmoja hakusema neno. Alikuwa mvulana wa upande wa bahari, anayelelewa na mjomba wake, si mwerevu sana wala si mjinga, hodari wa Kiswahili. Alimaliza karatasi za mchana, akaenda zake.

Jumanne, saa moja na robo, majina yalipoitwa, hakuwapo.

Mwalimu mkuu hakuweza kuondoka, maana sheria humtaka akae na mtihani mpaka uishe. Ikabidi aende mwalimu wa sayansi, mwanamke wa makamo, mke wa mzee wa kanisa. Alipanda pikipiki ya kukodi akiwa na gauni la kazi, akashika njia ya pwani. Nyumbani hakumkuta mtu ila bibi mzee aliyekuwa akisuka makuti. Bibi akamwonyesha bahari kwa kidevu.

Mwisho wa Oktoba kusi huwa imekwisha na kaskazi haijashika. Bahari hutulia, na mvuvi aliyekaa njaa miezi mingi hawezi kulala. Mashua zilikuwa zimekwisha rudi tangu alfajiri. Mvulana alikuwa ufukoni na mjomba wake, suruali imekunjwa hata magotini, akitoa samaki katika wavu.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema mjomba, akishangaa.

"Marahaba. Mbona mtahiniwa wangu yuko huku?"

"Si umekwisha? Aliniambia umekwisha jana."

Mvulana alitazama chini. Mwalimu alimwita kando, akamwuliza. Jibu lake lilikuwa fupi: hesabu ilikuwa imemshinda tangu swali la ishirini, akajaza visanduku vilivyobaki bila kusoma, basi hakuona faida ya kurudi. Mwalimu yule ana sifa ya ukali katika shule nzima, na watoto wengi wangeweza kutabiri atakalosema. Alisema hivi tu: "Hesabu ni ya jana, mwanangu. Leo ni sayansi, na mchana kuna insha yako ya Kiswahili. Nawa miguu upande."

Mjomba alipofahamu alikasirika, kisha aliona haya, na kwa kuwa hakuwa na la kusema alichukua samaki watatu akawafunga kwa ukambaa akampa mwalimu, hataki kusikia kwamba saa haziruhusu. Wakarudi watatu juu ya pikipiki: mwendeshaji, mvulana katikati, mwalimu nyuma na samaki wake. Walifika saa mbili na dakika ishirini. Askari aliyekuwa mlangoni alimpekua mvulana, akamkuta hana kitu ila mchanga. Kisha akawatazama wale samaki akauliza, "Na hawa ni wa karatasi gani?" Walitundikwa mwembeni, karibu na ringi la kengele, na paka wa shule akakaa chini yao mpaka adhuhuri. Penseli mvulana aliazimwa na msichana wa Kikamba aliyekaa mbele yake.

Jumatano ilikuwa karatasi moja tu, ndefu kuliko zote: maswali 60 ya jamii, halafu 30 ya dini. Ndani ya kijitabu kimoja zilikuwamo dini tatu, ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu, na kila mtoto alichagua yake. Walimu walionya mwaka mzima kwamba asijibu mtu dini mbili, kwa kuwa walikuwapo waliosoma zote kwa kusikiliza dirishani. Katika chumba kile, mbele ya ubao ambao juu yake msalaba umetundikwa tangu zamani, zaidi ya nusu ya watoto walifungua kurasa za Kiislamu. Saa nne na dakika arobaini na tano walimaliza. Walitoka polepole, kama watu wasiojua waende wapi, kisha mmoja akapiga kelele, na wote wakakimbia.

Matokeo yalitangazwa tarehe 23 Novemba 2023. Siku hizo mtu halazimiki kungoja orodha mlangoni kama zamani. Aliuliza kwa simu akajibiwa kwa simu. Hata hivyo wazazi wengi walikuja wakasimama chini ya mwembe, maana habari kubwa hutaka mahali pa kusimama. Msichana aliyeazima penseli aliitwa katika shule ya kitaifa, mbali huko bara. Karo yake haikumtisha baba yake kama ambavyo ingemtisha miaka kumi na mitano kabla, kwa sababu Kaunti ya Kwale ina mpango uitwao Elimu ni Sasa, ulioanza baada ya serikali za kaunti kuundwa mwaka 2013, nao huwalipia watoto waitwao katika shule za aina hiyo. Palibaki sanduku, godoro, viatu na nauli, nazo si kidogo kwa mtu aliyevunjiwa mahindi na ndovu.

Mvulana naye hesabu ilimwangusha vibaya, kama alivyosema mwenyewe. Kiswahili kilimwinua. Jumla yake ilipita nusu kwa alama chache, akaitwa katika shule ya kutwa isiyo mbali na nyumbani. Katika zama za yule mzee seremala alama hizo zingemrudisha kwenye wavu moja kwa moja. Mwaka ule kila aliyefanya mtihani alipewa nafasi ya kuendelea, na shida ikawa ni sare na chakula cha mchana. Mjomba aliuza wavu mmoja kati ya miwili. Hakuna aliyemshauri, na wavuvi wenzake walimwona amekosea, kwa kuwa kaskazi ilikuwa imeanza na samaki wako wengi. Mwezi wa Januari 2024 mvulana alionekana barabarani akienda shule mpya kwa miguu, suruali ndefu kupita kiasi, imekunjwa chini mara mbili.

Darasa la nane halikurudi tena pale shuleni. Chumba chake kilipewa watoto wa gredi ya nane ya shule ya sekondari ya chini, na wale wale wakafika gredi ya tisa mwaka 2025, wakawa wa kwanza kufanya mtihani mpya ulioanza mwishoni mwa Oktoba mwaka huo. Mzee seremala aliitwa kurekebisha madawati, kwa sababu watoto wa gredi ya tisa ni wakubwa na miguu yao haikuenea. Mbuzi alinunuliwa kama desturi, na mwalimu wa madrasa akaja na kisu chake Jumamosi asubuhi. Mwalimu wa sayansi, kabla ya kwenda nyumbani Jumapili, aliandika katika daftari majina ya watahiniwa wote wa upande wa bahari, na mbele ya kila jina namba ya simu ya mwenye mashua.