Skrini haimjibu mtoto

Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, jamaa zangu huniuliza kila kitu kuhusu simu. Juzi dada yangu aliuliza: mwanawe wa miaka miwili atazame katuni kwa muda gani?

Jibu fupi lipo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa chini ya miaka miwili wasiketishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku. Ikipungua ni heri.

Lakini kwa nini? Mwaka 2003, mjini Seattle, Marekani, Patricia Kuhl na wenzake walichunguza watoto wa miezi tisa kutoka nyumba za Kiingereza. Baadhi walichezeshwa na kusomewa vitabu na watu waliosema Kichina, vikao 12. Wakajifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Wengine waliona mambo hayo hayo kwenye runinga. Hawakuambulia kitu.

Mtoto akisema "ba", mama hugeuka na kuitikia. Katuni haijui hata kama mtoto yupo. Ndiyo maana utafiti mwingine wa Marekani, wa 2014, ulionyesha kwamba watoto wa miaka miwili hivi walijifunza maneno mapya kupitia simu ya video, kwani mtu wa upande wa pili aliwajibu papo hapo. Video iliyorekodiwa haikuwafunza. Basi nyanya yake akipiga simu ya video kutoka Kitale, mpeni mtoto aongee naye!

Kuna jambo jingine ninalolijua kikazi. Video moja ikiisha, nyingine huanza yenyewe. Hiyo si bahati. Ni msimbo ulioandikwa na mtu kama mimi ili mtazamaji asiondoke. Mtu mzima huweza kujizuia; mtoto wa miaka miwili bado.

Nikamshauri dada azime mpangilio huo, achague katuni mbili tu, na akipata nafasi aketi naye amuulize, "Huyu ni nani?"

Akacheka. "Na ugali utausonga wewe?"

Ana haki. Hufika nyumbani saa moja jioni, peke yake. Tukakubaliana hivi: katuni mbili, kisha mtoto apewe sufuria na mwiko jikoni, mama akimtajia kila anachoshika. Sufuria nayo haijibu, lakini mama yupo.