Kumlilia Punda

Kumlilia mnyama ni jambo ambalo watu wengi hulionea haya. Aliyefiwa na ng'ombe wa maziwa hupewa pole, maana hasara yake yaonekana na kuhesabika. Aliyefiwa na farasi hupewa heshima, kwa kuwa farasi ni kipando cha wafalme. Iskandar Mkuu alipofiwa na farasi wake mwaka 326 K.K., katika nchi ambayo leo ni Pakistani, aliuita mji mzima kwa jina la mnyama huyo, na wanahistoria hawakumcheka. Walakini aliyefiwa na punda hana mahali pa kuiweka huzuni yake. Akisema ana msiba, watu humwuliza amefiwa na nani, akiwajibu, hucheka. Mimi nilifiwa na punda mwaka 2022, na tangu hapo nimekuwa mmoja wa watu hao wasio na mahali.

Sehemu ya lawama ni ya lugha yetu. Kiswahili, ambacho kina adabu kwa vitu vingi, hakikumwekea punda adabu. Asante ya punda ni mateke, twasema, wala hatuulizi alipewa nini hata adaiwe asante. Punda afe, mzigo ufike, twasema tena, na methali hiyo husifiwa kuwa ni ya bidii na ustahimilivu; mimi huisikia kama sauti ya mwenye mzigo. Lau punda angetunga methali, yamkini tungesikia habari nyingine. Na tazama kichekesho hiki: mnyama wa porini mwenye mistari tumemwita punda milia, na wageni huvuka bahari na kulipa fedha nyingi ili wamwone, ilhali ndugu yake asiye na milia hupita mbele yao na gunia la saruji wakamkunjia uso kwa kuwazibia njia. Wazee wangu hunikumbusha kwamba Luqman, alipomwusia mwanawe ashushe sauti, alitoa mfano wa mlio wa punda. Ni kweli. Lakini Sura ya Nyuki humtaja punda pamoja na farasi na baghala kuwa ni kipando na pambo, na hilo la pambo sijamsikia mtu akilikumbusha sokoni.

Nakaa Lamu, mji ambao punda ndiye gari lake. Vichochoro vyetu ni vyembamba hata punda wawili wenye mashogi hawapishani mpaka mmoja aelemee baraza ya mtu. Nyumba za matumbawe na boriti za mikoko, ambazo kwa ajili yake mji uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, hazikupanda zenyewe kutoka ufukoni. Mawe yake, chokaa yake na mchanga wake vilipita mgongoni mwa punda. Farasi hakupata makao kwetu, kwa kuwa ugonjwa wa farasi wa Afrika humwua upesi, na ugonjwa huo huo humpitia punda bila ya kumwangusha. Wataalamu waliochunguza vinasaba vya punda wa pande nyingi za dunia walieleza mwaka 2022 kwamba mnyama huyu alifugwa mara moja tu, katika Afrika ya Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Basi punda ni mwenyeji wa upande huu wa dunia kuliko mnazi na mwembe, ambayo ilivuka bahari kuja kwetu.

Sikitu nilimpata mwaka 2008. Alikuwa jike la rangi ya majivu, mwenye mstari mweusi uliotoka shingoni hadi mkiani na mwingine uliokata mabega, kama walivyo wengi wa jamaa zake. Kwa muda wa wiki mbili nilimwona akipita karibu na nyumba yangu, akichukua mchanga kutoka gatini kwenda kwenye jengo lililokuwa likiinuliwa nyuma ya mji. Kila siku hatua yake ilikuwa fupi kuliko ya jana. Siku ya mwisho alilala chini pamoja na mzigo wake, na fimbo haikumwinua. Shogi lilipoondolewa tuliona kidonda cha upana wa kiganja, na ndani yake funza wakitembea. Mguu wa nyuma ulikuwa na alama ya kamba iliyokata ngozi mpaka nyama.

Mwenye punda hakuwa mtu mwovu, nami sipendi hadithi ambazo ndani yake kila mnyama aliyeumia ana dhalimu wake. Alikuwa mtu mwenye madeni na watoto, ambaye punda wake wa pili alikuwa amekufa mwezi ule ule.

"Mwalimu," aliniambia, "huyu si kitu tena. Ukimtaka mchukue, nipe cha kununulia unga tu."

Nikampa. Mke wangu alipouliza jina la mgeni aliyesimama uani akitetemeka, nilirudia maneno ya mwenyewe. "Basi ni Sikitu," akasema. Jina hilo lina watu wake pwani. Mzazi aliyefiwa na watoto humwita aliyesalia jina la kumdunisha, ili husuda impite bila ya kumtambua.

Tulimpeleka pole pole katika hospitali ya punda iliyo ufukoni, ambayo ilifunguliwa mwaka 1987 na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza. Tabibu alimfungua kinywa, akayatazama meno, akasema ana miaka 15 au zaidi. Funza walitolewa mmoja mmoja, kidonda kikaoshwa, kwato zilizopinda zikachongwa. Ilipita miezi minne kabla ya ngozi kufunga, na nywele zilizoota pale zilikuwa nyeupe kabisa, zikabaki hivyo maisha yake yote, kama kikofia kilichoanguka mgongoni. Lakini kubwa zaidi kuliko dawa lilikuwa neno alilotuambia tabibu yule. Alisema kwamba farasi akiumwa na tumbo hujitupa chini akagaagaa, na kila mtu akajua; punda husimama kimya, akapunguza kula, masikio yakalegea. Akiogopa, farasi hukimbia. Punda husimama afikiri. Watu huona kusimama huko wakakuita ukaidi, na dawa ya ukaidi kwao ni fimbo. Nimefundisha shule kwa miaka thelathini na moja, na siku ile niliwakumbuka watoto kadhaa waliokuwa wakinyamaza darasani wakaitwa wakaidi.

Alipopona hakurudi kwenye mchanga. Kazi yake ilikuwa kutuchukulia nazi kutoka shambani mara mbili kwa juma, mzigo ambao wajukuu wangu wangeweza kuubeba kama si uvivu wao. Jioni alizunguka mjini peke yake, kama wafanyavyo punda wa Lamu kazi ikiisha, na baada ya sala ya Isha alirudi, akaugonga mlango kwa ukwato mara moja. Hakugonga mara ya pili, alingoja. Mara moja alikula madaftari matatu ya wanafunzi wa darasa la saba yaliyokuwa barazani, na wenyewe hawakusikitika. Yaliyotutia hofu ni mifuko ya plastiki, ambayo punda wengi mjini waliimeza pamoja na maganda ya matunda, ikawafunga matumbo. Mara mbili tulidhani Sikitu amekwisha kwa sababu hiyo. Serikali ilipoipiga marufuku mifuko hiyo mwezi wa Agosti 2017, watu walinung'unika kwamba hawana cha kubebea samaki; nyumbani kwetu hatukunung'unika.

Mwaka uliofuata ilikuja hatari ya namna nyingine. Ngozi ya punda huchemshwa Uchina ikatolewa gundi, na gundi hiyo hufanywa dawa na vipodozi vinavyoitwa ejiao. Kwa ajili yake yalifunguliwa nchini Kenya machinjio manne kati ya mwaka 2016 na 2018, na katika muda huo wakachinjwa punda zaidi ya 300,000. Mnyama anayebeba mimba kwa muda wa mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja hawezi kuufuata mwendo huo, na huko bara watu walilala wakiwa na punda wakaamka na kamba tupu. Mtu mmoja alinijia barazani, mpole wa maneno, akamtazama Sikitu ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuzeeka, akataja bei kubwa mara nyingi kuliko niliyomnunulia.

"Mzee, huyu anakula bure," alisema. "Ngozi yake ina thamani kuliko yeye mwenyewe."

Nilimjibu kwamba huenda na yangu ni hivyo hivyo, na kwamba watoto wangu bado hawajaiuza. Aliondoka akicheka. Serikali iliamuru uchinjaji huo ukome mwezi wa Februari 2020, mahakama ikaitangua amri mwezi wa Mei 2021, na Umoja wa Afrika ukaikataa biashara hiyo ya ngozi kwa bara zima mwezi wa Februari 2024. Sikitu alikuwa ameishi na kufa kabla ya neno hilo la mwisho.

Mauti yake yalianzia kinywani. Meno yalikuwa yameisha, na nyasi zilimtoka mdomoni zimeviringika kama kamba. Tulimpikia uji wa pumba, akaula kwa miezi kadhaa. Kisha, katika Julai ya 2022, akauacha. Punda akiacha kula, mafuta ya mwili wake humiminika katika damu, na baada ya siku chache maini hayawezi tena. Tabibu alikuja nyumbani na kutueleza yote bila kuyapamba. Angeweza kumtia maji na sukari kwa mipira, labda akapata juma moja. Au angeweza kumlaza kwa sindano. Mke wangu aliuliza kama anaumwa. Tabibu akasema, "Mama, huyu ni punda. Akionyesha kidogo, ujue ni kingi." Tukakubali sindano. Nilishika kichwa chake, na mkono wangu ulikuwa juu ya ile alama nyeupe alipolegea.

Tulikuwa na punda wa pili wakati huo, dume changa aitwaye Mtoro. Tabibu alitukataza kuuondoa mwili kabla Mtoro hajamaliza kuutazama. Alisema punda aliyenyang'anywa mwenzake bila kumwona amekufa humtafuta, huita usiku, na huenda naye akaacha kula. Basi tulingoja. Alimnusa puani, akamsukuma begani kwa kichwa, akasimama karibu naye tangu Alasiri hata taa zikawashwa. Kisha akaenda zake kunywa maji.

Tulimzika shambani. Majirani walilicheka kaburi lile kwa adabu, na mmoja aliniuliza kama kutakuwa na hitima. Sikumjibu, ila nilikumbuka niliyoyasoma juu ya Abydos katika nchi ya Misri, ambako karibu na kaburi la mfalme wa miaka 5,000 iliyopita wachimbaji walikuta punda kumi waliozikwa kwa heshima. Mifupa yao ya mgongo na mabega ilikuwa imelika kwa mizigo. Aliyewazika aliujua mzigo waliouchukua.

Yule aliyeniuzia alipita siku ya pili, akaketi nami barazani. Alitaka kujua ni miaka mingapi. Nikamwambia kumi na minne. Alinyamaza, akahesabu kwa vidole, kisha akasema, "Mimi nilimpa wiki moja." Tukanywa kahawa, tukazungumza habari za bei ya mchanga.

Mtoro sasa ndiye achukuaye nazi. Akifika shambani husimama kidogo chini ya mwembe, mahali tulipochimba, kisha hula majani yaliyoota pale, ambayo ni mabichi kuliko mengine.