Bengamisa, Walikolipa kwa Ndizi na Mawese

Mama na dada zetu, tangu Jumapili tunasimamishwa njiani, sokoni na hata mlangoni pa kanisa: Watoto walirudi wote? Na makuta yalipatikana? Swali la kwanza tunalijibu upesi. Walirudi wote 11, mmoja tu akiwa na homa, na sasa ameanza kula. La pili linataka tueleze safari yote, kwa sababu makuta yenyewe hayakuja kama tulivyoyangoja.

Mnakumbuka mpango. Kikundi cha ngoma cha watoto wetu, wasichana 7 na wavulana 4, kinataka kucheza hapa mjini mwezi ujao, ndani ya sale, penye viti na taa, watu wakiingia kwa tiketi. Sale inalipiwa kabla. Jenereta pia, na mafuta yake. Ngoma mbili zimepasuka ngozi. Tukasema vijana waende kwanza nje ya mji, wacheze, watu watoe kidogo kidogo, na sisi akina mama tuwasindikize, sita kati yetu. Tulichagua Bengamisa kwa sababu mmoja wetu ana dada yake aliyeolewa kule, na mtu asiye na pa kufikia asipeleke wasichana saba popote.

Bengamisa iko kaskazini ya Kisangani, kilomita kama 50 kwa barabara ya Buta, katika teritware ya Banalia. Mwenye pikipiki nzima na bila mvua hachukui muda mrefu. Sisi tulipanda kamio iliyokuwa inakwenda kuchukua makala, na kamio ya makala haina haraka. Tulitoka saa 11 alfajiri. Tulivuka daraja la Tshopo giza lingali zito, maji yanavuma upande wa bwawa la umeme, na ng'ambo tu tukaanza kukutana na wale wanaotulisha: vijana wanaosukuma toleka zilizobeba magunia ya makala, mikungu ya ndizi, mihogo, bido za mawese. Hawapandi, wanasukuma kwa miguu, fimbo imefungwa kwenye usukani ili baisikeli isianguke. Wengine walitembea usiku kucha. Ukikaa Mangobo au Makiso unanunua rundo la makala na kulalamika bei. Ukiwaona kwenye mlima mmoja tu wa barabara ile, mgongo umepinda na miguu peku, unanyamaza kidogo.

Vizuizi vilikuwa vitatu. Katika cha pili waliona ngoma wakadai ushuru wake, eti ni mizigo ya biashara. Mama mhazini wetu, mnamjua, hakubishana. Aliwaambia vijana wapige. Walipiga na kucheza hapo hapo juu ya kamio, wenye kizuizi wakacheka, kamba ikashushwa. Katika cha tatu hawakutaka kuchezewa. Tulilipa franka 5,000, na zimeandikwa katika kitabu.

Bengamisa si kijiji kidogo, na mji pia si mji. Nyumba zimepangana kando ya barabara, nyuma yake mashamba, nyuma ya mashamba msitu. Wenyeji wengi ni Bamanga. Wakubwa wetu wanaijua kwa sababu ya ISEA, chuo cha juu cha kilimo, na familia kadhaa hapa mjini zina baba au mjomba aliyesoma pale. Udongo ni wa kuonea wivu. Tulipita mbele ya kiwanja cha nyumba moja tukaona ndizi, mihogo, mahindi, michikichi na mti wa safu, vyote mahali ambapo sisi tungejenga nyumba mbili za kupangisha.

Barabara ile ikiendelea inafika Banalia, kilomita 128 kutoka Kisangani, kwenye Mto Aruwimi. Hatukufika huko, lakini koko aliyetupokea alitukumbusha habari ambayo inafaa wanawake waijue. Mwaka 1888 Mwingereza aitwaye Meja Barttelot, aliyeachwa nyuma na Stanley na mizigo ya msafara, alikuwa amepiga kambi Banalia pamoja na wapagazi Wamanyema wa Tippu Tip, watu wa kundi lile lililoleta Kiswahili hiki tunachosema. Alfajiri ya tarehe 19 Julai mwanamke mmoja alikuwa anapiga ngoma na kuimba. Meja alichukia kelele, akatoka kwenda kumnyamazisha kwa vitisho. Mume wa yule mwanamke, Sanga, akampiga risasi, Meja akafa palepale. Baadaye Sanga mwenyewe aliuawa kwa hukumu. Jina la mume limeandikwa, jina la Meja limeandikwa. La mwenye ngoma hatujalikuta popote.

Tulipofika tulikwenda kwanza kwa shefu, kama inavyopasa, na chumvi na sabuni mkononi. Alitupokea vizuri. Kisha akauliza swali ambalo tuliulizwa siku ile na watu wengi, kila mtu kwa namna yake:

“Nani amewatuma?”

Tukasema hakuna, ni watoto wetu. Akatazama kamio, akatazama ngoma, akauliza mheshimiwa atafika saa ngapi. Tukasema hakuna mheshimiwa. Nje watu walikuwa wamekwisha kusogea na wanaangalia magunia yetu, kwa sababu pale ngoma ikitoka mjini huja na mtu anayetaka kura, na mtu huyo huja na tishati, chumvi na franka za kugawa. Kumbe sisi tulikuja na mkono wazi kuomba. Hata mtoto mmoja alituuliza tishati ziko wapi.

Hili si la Bengamisa peke yake, na linatoka mbali. Wenzetu wenye umri wanakumbuka animasyo ya wakati wa Mobutu. Mwaka 1974 iliundwa Baleti ya Taifa ya Zaire, kazi yake kuonyesha utukufu wa nchi na wa kiongozi, na kila shule, kila kampuni, kila mtaa ulikuwa na kundi lake la kucheza na kuimba MPR. Mgeni mkubwa akija, mlisimama barabarani tangu asubuhi, jua utosini, mkicheza. Koko wawili wa safari yetu walicheza hivyo walipokuwa wasichana. Mmoja anasema alipenda kucheza na alichukia kuchezeshwa. Mwingine anasema hajawahi kuwaza kama mtu anayecheza anaweza kulipwa. Kwa mtu aliyepita huko, kijana anayesimama na kusema “toa franka 500 uone ngoma yangu” anasema jambo geni kabisa.

Tulikaa chini ya paa la shule tukajadiliana. Wengine wetu walitaka tucheze bure, twende zetu, tusiaibike. Kijana anayeongoza kikundi alikataa. Alisema kwa heshima, “Mama, tukicheza bure hapa, na Kisangani pia watataka bure.” Basi yule dada aliyeolewa kule akatupatia njia. Alisema, hapa makuta ni ya siku ya soko tu, wanunuzi wanapokuja, na soko lilikuwa jana kutwa. Lakini hakuna nyumba isiyo na ndizi. Semeni kila mtu alete anachokula.

Ndivyo alivyotangaza mwenye lokole jioni ile, kijiji chote kikasikia: ngoma ya watoto wa Kisangani, kesho saa 9 alasiri, uwanja wa shule, mwenye franka na alete franka, mwenye shamba na alete cha shambani, mtoto aingie na ukuni mmoja.

Sasa mambo ya usiku, maana tunajua ndiyo mnayotaka kusikia. Wasichana walilala darasa moja pamoja na mama wanne, mlango umefungwa kwa kamba ndani, na mama wawili walilala mlangoni kwenye mikeka. Wavulana walilala kwa mwalimu. Walikuja vijana wenye pikipiki saa 3 usiku kusalimia, tukawasalimia sisi. Walirudi saa 4, tukawasalimia tena. Baba mmoja wa mtaani kwetu alikuwa amemkatalia binti yake kuja, akisema msichana anayecheza njiani anarudi na mimba. Tunamheshimu, hofu yake si ya bure, tumeona mengi katika mji huu tangu vita. Lakini binti huyo anauza maji ya baridi barabarani mpaka usiku, na huko hakuna mama sita mlangoni.

Kesho yake mvua ilinyesha mpaka saa 8. Uwanja ulikuwa matope. Tukafikiri hakuna atakayekuja. Saa 9 na nusu wakaanza kutoka kila upande, na hapo ndipo tuliona jambo ambalo halionekani kwenye mlango wa sale: mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, mwingine na kopo mbili za mchele, mzee na chupa ya mawese, wasichana wadogo wenye sombe iliyofungwa kwa majani, na watoto, watoto, kila mmoja na ukuni wake, wengine vijiti tu vya kuwashia. Mama mhazini aliacha kuandika alipofika mstari wa themanini. Tishati hakuna aliyeuliza tena.

Watoto walicheza vizuri? Mwanzo hapana. Matope yalishika miguu, na hatua zile za haraka walizojifunza kwenye sementi ya kiwanja chetu zilikataa. Msichana mdogo wa kikundi alianguka, watu wakacheka. Akainuka akaanguka tena kwa makusudi, huku anafuata ngoma, na wenzake wakamfuata, wote wakaanguka na kuinuka pamoja, na kicheko kikageuka kelele za furaha. Baadaye koko mmoja wa kijiji, mwembamba, kikwembe kimefungwa kifuani, aliingia katikati. Akawaonyesha namna ya kukanyaga ardhi iliyolowa: kisigino kwanza, goti limelegea, kiuno ndicho kinachofanya kazi. Hakusema neno. Walimfuata kwa robo saa nzima, na hapo ngoma yao ilibadilika. Mazoezi ya juzi tumewaona bado wanaitumia hatua ile, hata kwenye sementi.

Wakati wa kurudi tulibishana ndani ya kamio kuhusu makuta ya sanaa yatoke wapi. Wengine walimtaja Faustin Linyekula. Yeye ni mtoto wa jimbo letu, alizaliwa Ubundu mwaka ule ule wa 1974. Studios Kabako yake ilianza Kinshasa 2001, ikahamia hapa Kisangani 2006, na mwaka uliofuata alipata tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi. Wenzetu walisema: tafuteni wafadhili Ulaya kama yeye. Ni kweli kwamba kazi zake nyingi zimewezekana kwa sababu majumba ya tamasha ya Ulaya yanachangia. Lakini angalieni pia anakwenda kutafuta nini. Mwaka 2011 alipotengeneza ngoma ya kucheza peke yake, Le Cargo, alirudi Obilo, kwenye reli ya Ubundu, kijiji alichoishi utotoni, kutafuta ngoma alizosikia akiwa mdogo. Mwaka 2017 alicheza katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na kazi ile inaitwa Banataba, kwa jina la kijiji cha upande wa mama yake. Sisi tunaona hivi: mlango wa Ulaya ukifunguka, vijana waingie, hatutawazuia. Kuungoja huku wameketi, hapana.

Sasa hesabu. Nauli ya kurudisha mizigo ilikula sehemu kubwa kuliko tulivyotaka, kwa sababu mwenye kamio anapima ndizi kama anavyopima makala. Kuni tuliziacha Bengamisa, shule ikazichukua ya kupikia walimu. Vingine vyote viliuzwa Jumatatu na Jumanne, mchele na mawese vikaenda upesi, mikungu mitatu ya ndizi ilikuwa imekwisha kuiva tukaila kwa lituma. Baada ya kutoa nauli, kizuizi na dawa ya homa, kilichobaki kinatosha ngozi za ngoma mbili na nusu ya malipo ya sale. Kitabu kiko kwa mama mhazini, anayetaka kukisoma aende akisome.

Limebaki jambo moja ambalo halijakwisha. Wasichana wamekuja kwetu, wametumwa na wenzao, wanaomba kila mchezaji apewe kitu mkononi, hata kidogo, kabla ya sale kulipwa. Katika kamati tumegawanyika. Kuna wanaosema makuta yote yaende kwenye sale, watoto watafaidika baadaye. Kuna sisi wengine, pamoja na yule koko wa animasyo, tunaosema waliocheza kwenye matope wapate sabuni yao na nauli yao ya shule sasa. Mkutano ni Jumamosi saa 8, kiwanja kilekile. Njoni na maoni yenu, na kama mna vipande vya kikwembe cha rangi nyekundu au manjano vilivyobaki kwa mshonaji, vileteni pia, tunakosa vya wachezaji wanne.